Damu ya Sekela

1

Ilipofika saa moja asubuhi Tumpe alikuwa ameshabadilisha mabamba yote kumi, na namba bado ziligoma kushuka.

Hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Kwa miaka sita aliyofanya kazi ya mabamba pale Kituo cha Afya Lwangi, juu milimani kwenye chai na viazi, hakuna homa iliyoingia kwa ule mlango ikamaliza siku mbili. Mgonjwa alilazwa, akachomwa mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono, damu yake ikapita kwenye bamba. Bamba lenyewe ni kipande cha kioo kisichozidi kiganja, ila ndani yake imechongwa mifereji maelfu, kila mmoja mwembamba kuliko unywele. Humo damu inakutana na punje za sumaku zilizopakwa protini inayonata. Kijidudu kikipita kinanaswa na punje, sumaku inaivuta punje kando mpaka kwenye mfereji wa taka, na damu iliyosafishwa inarudi mwilini kwa mrija wa pili. Watu wa Lwangi waliita kufuliwa. "Bibi yuko wapi?" "Kaenda kufuliwa, mchana atarudi." Ilikuwa ni jambo la kawaida kama kung'oa jino.

Sasa walikuwa kumi wodini, wote wameletwa ndani ya siku tatu, na mashine ziliwashikilia tu pale pale. Hawafi, hawaponi. Kila kioo kilionyesha idadi ya vijidudu katika tone la damu, na Tumpe alizijua namba zile kwa moyo, kama mama anavyojua umri wa wanawe. Bibi Subilaga, kitanda cha pili, mia mbili na thelathini. Ambwene, kitanda cha tano, mia moja na tisini. Ambwene alikuwa mdogo wake Tumpe, tumbo moja. Kitanda cha saba, mtu asiyejulikana, aliyeokotwa kando ya soko la viazi akiwa hajitambui, mia nne na kumi. Kitanda cha kumi, Sekela, mchuma chai wa miaka ishirini na sita aliyeletwa jana jioni, sitini tu.

Daktari wa kituo alikuwa ameteremka mjini kufuata mabamba zaidi, na nyuma yake mlima ukaporomoka ukafunika barabara. Ndege za dawa, zile zinazojiendesha zenyewe, zilishindwa kupaa kwa sababu ya ukungu. Kilichobaki ilikuwa simu.

"Nimeyatazama matokeo uliyonitumia," alisema Dakta Lusungu kutoka maabara ya mkoa. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, na leo upole ule ulimtia Tumpe hofu. "Hiki kijidudu kimebadilisha ganda. Punje zako zinalijua ganda la zamani. Vinavyonaswa ni vile vilivyobaki na ganda hilo, nusu hivi. Nusu nyingine inateleza, inarudi mwilini, inazaana."

"Kwa hiyo mashine inateka maji kwenye mtumbwi uliotoboka."

"Ndiyo. Na mwenye mtumbwi anachoka."

Tumpe alitazama kona ya wodi. Palikuwa na sanduku la kijivu, ukubwa wa dumu la lita ishirini, ambalo hajawahi kulitumia ila siku ya mafunzo. Liliitwa kitalu. Kazi yake ni kushona protini mpya ya kupaka punje, kwa kulipima ganda la kijidudu chenyewe kikiwa hai.

"Kitalu je?" aliuliza.

"Ndiyo ninachotaka tuzungumze. Kitalu kinahitaji vijidudu hai, vya ganda jipya, visivyopungua mia tano kwa tone. Kukusanya damu ya watu wote kumi haisaidii, kinachotakiwa ni wingi ndani ya tone. Kuvikuza kwenye chupa ni siku mbili. Huna siku mbili, Tumpe. Bibi yule hafiki hata kesho."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo uzime mashine ya mtu mmoja. Uviache viongezeke ndani yake mpaka vifike mia tano, uchukue damu, ukilishe kitalu. Dakika arobaini baadaye utakuwa na punje mpya za watu wote."

Tumpe hakuuliza mtu gani. Macho yake yalishafika kitanda cha saba kabla ya akili yake.

"Wa saba angefika kwa saa moja na nusu," alisema Dakta Lusungu, kana kwamba na yeye yumo mle wodini. "Lakini hali aliyonayo, sidhani kama angerudi. Watu kumi wa namna yake ukiwafanyia hivyo, tisa wanakufa. Yule wa kumi, binti, ana nguvu. Kwake ingechukua saa saba au nane. Anaweza kupona. Ila saa nane kwa hao wengine ni nyingi."

"Unaniamuru nini, Dakta?"

"Nikiwa huku siwezi kukuamuru. Ningekuwa hapo..." Sauti ikakatika, ikarudi. "Sijui ningefanya nini. Usipoteze muda."

2

Kosa la Tumpe lilikuwa kuzungumza akiwa ameacha simu kwenye kipaza sauti. Alipogeuka, ndugu wa wagonjwa walikuwa wamesimama mlangoni na barakoa zao, na hakuna aliyejifanya hakusikia.

Mzee Asukile, mtoto mkubwa wa Bibi Subilaga, ndiye aliyetangulia kusema. Alikuwa mtu mstaarabu, mweka hazina wa kanisa, na alivua kofia kabla ya kuanza.

"Nesi, sisi hatukufundishi kazi. Lakini yule wa saba, umesikia, na wewe umeona. Yule ni wa kuondoka tu, leo au kesho."

"Hajaondoka, mzee."

"Ana ndugu hapa? Ameulizwa na mtu tangu aletwe?"

"Hajaulizwa."

"Basi." Mzee Asukile alifungua mikono. Hakusema kwa ukali; hilo ndilo lililokuwa baya. Nyuma yake watu waliitikia kwa vichwa, mmoja mmoja, na hakuna aliyetazama kitanda cha saba.

Tumpe aliwaomba watoke nje. Alikwenda kwa yule mtu, akamshika mkono kana kwamba anapima mapigo. Alikuwa mwanamume wa makamo, kucha zimejaa udongo mweusi wa viazi. Alikuwa amenyolewa vizuri. Mahali fulani kulikuwa na mtu aliyemnyoa, au kioo alichojinyolea.

"Dada."

Ambwene alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa imepauka na kupasuka, lakini akili ilikuwa timamu.

"Usiseme sana," alisema Tumpe.

"Nimesikia yote. Dada, mimi nina watoto watatu. Mdogo hajaanza hata kutembea." Alivuta pumzi. "Yule hana mtu. Mzime yule."

"Hawezi kunijibu, Ambwene. Nikimuuliza hawezi kunijibu."

"Na mimi nakujibu! Mimi nakwambia sitaki kufa!"

Tumpe alimlea Ambwene tangu mama yao alipokwenda kuolewa mara ya pili. Alimbeba mgongoni kwenda naye kisimani. Alisimama pale kati ya vitanda viwili, na alijua kabisa kwamba mkono wake unataka kwenda kwenye swichi ya saba, na kwamba hakuna mtu duniani ambaye angekuja kumuuliza. Kwenye fomu angeandika alifariki kwa homa, na ingekuwa kweli. Hicho ndicho kilichomtisha: jinsi ingekuwa rahisi.

"Siwezi," alisema. Ambwene akageuzia uso ukutani.

"Nesi." Sauti ilitoka mwisho wa wodi. Sekela alikuwa ameketi kitandani, kitenge amejifunga kifuani, macho mekundu kwa homa. "Njoo huku. Mnanizungumzia mimi bila mimi?"

Tumpe alikwenda, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nambie ukweli. Ukinizima mimi, nitakufa?"

"Watu kumi wa hali yako, labda mmoja anakufa. Labda wawili. Na kabla ya kupona utaumwa kuliko ulivyowahi kuumwa."

"Na yule?"

"Tisa."

Sekela alitazama mikono yake. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya kahawia kwa utomvu wa majani, vyepesi hata vikiwa vimetulia. Kwenye shamba la chai walimpanga mstari wa mbele kwa sababu ya vidole vile.

"Gwakisa atakasirika," alisema. Gwakisa alikuwa mume wake, amekwama ng'ambo ya maporomoko. "Sasa sikia. Siyo kwamba mimi ni mtakatifu. Ila nikilala hapa nikijua yule amekufa kwa ajili yangu, sitakuja kulala tena. Nizime mimi. Lakini nina sharti."

"Sema."

"Usitoke hapa. Na nikikwambia washa, uwashe. Saa ileile. Hata kama bado namba moja tu. Mimi nakufa kwa hofu, nesi, sikufichi. Nikijua naweza kusema basi, nitavumilia."

"Nitawasha saa ileile."

"Apa."

Tumpe aliapa kwa jina la Mungu, mbele ya wodi nzima. Saa mbili kasorobo alizima mashine ya kitanda cha kumi.

3

Saa ya kwanza namba zilipanda kwa uvivu. Sitini na tano. Sabini na mbili. Sekela hata aliomba uji akanywa nusu kikombe. Saa nne homa ikampanda, akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Saa sita alitapika uji wote na kisha nyongo. Tumpe alimfuta, akamgeuza, akamwekea kitambaa cha maji, na kila baada ya dakika kumi aliinuka kwenda kuwaangalia wale wengine tisa, akirudi mbio ili Sekela asifumbue macho akakuta kiti kitupu.

Mia moja na arobaini. Mia mbili na kumi. Vijidudu vinavyozaana havipandi ngazi kwa hatua sawa, na Tumpe alijua kwamba mwishoni vingekimbia. Alisubiri vikimbie na aliogopa vikimbie.

Saa saba na dakika ishirini Bibi Subilaga alifariki. Hakukuwa na kelele. Moyo ulikuwa umechoka tu, na mashine ikaendelea kuifua damu isiyotembea mpaka Tumpe alipoizima. Mzee Asukile aliingia, akamfunika mama yake uso, akapiga magoti. Alipoinuka alimsogelea Tumpe.

"Ungemzima yule asubuhi," alisema taratibu, "punje zingekuwa tayari kabla ya saa tano. Nimepiga hesabu vibaya?"

"Hujapiga vibaya, mzee."

"Nilitaka kujua tu." Akavaa kofia, akatoka.

Tumpe alikwenda chumba cha kunawia, akafungua maji, akalia kwa muda ambao mtu anatumia kunawa mikono. Aliporudi, kioo cha Ambwene kilikuwa kinawaka rangi ya njano. Presha ilikuwa inashuka. Alimwongezea maji ya chumvi na dawa ya kukaza mishipa, chupa ya mwisho. Ambwene hakufungua macho. Alipompigia Dakta Lusungu, yule mama alisoma namba kimya kimya, kisha akasema, "Huyu ana saa mbili. Pengine tatu."

Kioo cha Sekela: mia tatu na themanini.

Tumpe akapiga hesabu. Dakika hamsini za kufika mia tano, arobaini za kitalu, chache za kupaka punje. Ingewezekana. Ikawa kama kamba imefungwa toka kitanda cha kumi mpaka kitanda cha tano, na yeye ameshikilia katikati.

Saa nane na dakika ishirini Sekela alifumbua macho.

"Washa."

Kioo kilisoma mia nne na thelathini.

"Mdogo wangu, bado kidogo sana..."

"Washa. Nesi, washa. Siwezi tena. Kuna kitu kinanikaba." Alikuwa akilia bila machozi, maana mwili haukuwa na maji ya kutoa. "Umeapa."

Tumpe aliweka kidole kwenye swichi. Alikiweka kweli, alikumbuka baadaye ubaridi wa ile plastiki. Alijiambia kwamba ni homa inayosema. Akajibu mwenyewe kwamba siyo, macho yanamtazama, anajua jina langu, anajua nimeapa. Akatazama kitanda cha tano. Njano ilikuwa imegeuka nyekundu.

"Nimeshawasha," alisema Tumpe. "Tulia sasa. Imeshawaka. Utaanza kupata nafuu."

Sekela akalegea. Alimshika Tumpe mkono, akaubusu, akasema asante. Akafumba macho.

Tumpe alikaa pale na mkono wake ukiwa umeshikwa, akikitazama kioo. Mia nne arobaini na tano. Mia nne sitini. Hakusali, aliona haya. Sekela alianza kuweweseka, akiita majina ya watu wa mstari wake wa chai. Ncha za vidole vya mkono wake wa kulia, ule uliomshika Tumpe, zilikuwa za baridi, na Tumpe aliuhisi ubaridi ule ukipanda pole pole kuja kwenye viungo. Alijua maana yake. Damu yenye vijidudu vingi huganda kwenye mishipa midogo, na ikiganda, mbele yake nyama inakufa. Akavisugua vidole, akavipulizia pumzi, akavisugua tena. Mashine ilikuwa pale, karibu na goti lake. Hakuiwasha.

Saa nane na dakika arobaini na tano namba ilisoma mia tano na mbili. Tumpe alivuta damu, akawasha mashine kwa mkono wa kushoto, akakimbia na bomba la sindano kwenye kitalu.

Saa kumi kasoro dakika ishirini punje mpya ziliingia kwenye mabamba. Alianza na kitanda cha kumi, halafu cha tano, halafu cha saba. Ilipofika saa kumi na moja, kioo cha Ambwene kilisoma arobaini. Nje ndugu waliambiwa, na kukatokea kilio cha furaha kilichochanganyika na kilio cha msiba wa Bibi Subilaga, mpaka usijue kipi ni kipi.

4

Siku ya tatu ukungu uliondoka na barabara ikafunguliwa. Daktari wa kituo alirudi, akamkumbatia Tumpe mbele ya watu. Yule wa kitanda cha saba alikuwa ameamka, ametaja kijiji chake, na ndugu zake walikuwa njiani. Ambwene aliketi akila ndizi.

"Nilijua hutaniacha, Dada," alisema. Alikuwa ameona. Tumpe alilisoma usoni pake kwamba aliona yote toka kitandani kwake, macho nusu wazi, na kwamba lile ambalo yeye Tumpe hawezi kulitazama, kwa Ambwene lilikuwa upendo. "Huyo binti hajui kitu. Mwache hivyo hivyo. Utamwambia ili iweje?"

Tumpe akaenda kitanda cha kumi.

Sekela alikuwa ameegemea mto. Damu yake ilikuwa safi, sifuri tangu jana. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, na asubuhi ile daktari alikuwa amemweleza kwamba vidole vitatu, kuanzia kiungo cha katikati, havitarudi.

"Nesi wangu," alisema Sekela, akijaribu kutabasamu. "Wanasema nimeokoa watu wanane."

"Umewaokoa."

"Ungechelewa kuwasha ningekufa, daktari kasema. Ilikuwa karibu sana."

Tumpe alivuta kiti. Alikuwa amepanga maneno tangu usiku, yakapotea yote.

"Sikuwasha," alisema.

Sekela alimtazama bila kuelewa.

"Uliponiambia washa, nilikudanganya. Nilisema nimewasha, sikuwasha. Nilisubiri ifike mia tano."

"Muda gani?"

"Dakika ishirini na tano."

Nje kulikuwa na mtu anafagia. Ufagio ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi. Sekela aliuinua mkono wenye bandeji, akaulaza kifuani kama mtoto aliyelala.

"Vidole hivi," alisema mwishoni. "Ni kabla, au ni katika hizo dakika?"

"Sijui kwa hakika."

"Sikukuuliza kwa hakika. Ulikuwa umenishika mkono."

"Ni katika hizo dakika. Vilikuwa vya moto uliponiambia asante."

"Ungeniomba," alisema Sekela. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ungesema, mdogo wangu, kaka yangu anakufa, nivumilie dakika ishirini. Pengine ningekubali."

"Na kama ungekataa?"

"Ndiyo hapo, nesi. Kama ningekataa."

Tumpe alitaka kusema kwamba watu wanane wanakula na kunywa. Alitaka kusema jina la Ambwene na majina ya watoto wake watatu. Aliyaona maneno yote hayo yamejipanga, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa la kumwambia mtu huyu.

"Gwakisa yuko wapi?" aliuliza Sekela.

"Yuko nje. Amefika na gari la kwanza."

"Amenipigia simu kwamba amenunua mbuzi. Anataka kukuletea nyumbani kwako, akushukuru." Sekela alifunga macho, akayafungua. "Mwite. Sitamwambia mimi. Nataka alisikie kwako, neno kwa neno kama ulivyoniambia, na mimi nikiwepo."

Tumpe aliinuka. Kutoka kitanda cha kumi mpaka mlangoni ilikuwa ni kupita vitanda vyote. Alivipita, mmoja wa wagonjwa akamwamkia, akaitikia. Akafungua mlango. Gwakisa alikuwa amesimama kwenye jua, viatu vimejaa matope ya maporomoko, na alipomwona alifungua mikono yote miwili akija kumlaki.

"Shemeji," alisema Tumpe, bila kumpa mkono. "Ingia ndani. Kuna jambo la kukwambia."